Hasi iliyotoka kwenye ndoo: kisa cha kizazi kimoja na vipokezi vyake, Dodoma

Kizazi kilifika maabara Jumatatu asubuhi ndani ya ndoo ya rangi ya ukuta, kifuniko kimezungushiwa plasta ya hospitali. Kilikuwa kimetolewa Alhamisi mchana. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ilikifunika nusu tu. Sehemu iliyobaki juu ilikuwa imekauka na kugeuka kahawia. Hakuna aliyekuwa amekipasua. Nilipokikata katikati, upande wa nje ulikuwa mgumu na wa kijivu kama inavyopaswa kuwa nyama iliyohifadhiwa, lakini ndani, pale hasa palipokuwa na ugonjwa, nyama ilikuwa bado ya waridi, laini, na iling'ang'ania kisu kama ugali usioiva.

Niliandika kwenye fomu, "Sampuli haikuhifadhiwa vizuri," nikachukua vipande, nikaviweka kwenye vikasha, nikaendelea na kazi nyingine. Wiki tano baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sentensi ile ilipaswa kufuatana na kizazi kile kila kilikokwenda.

Naandika kisa hiki kwa ridhaa ya mama mwenyewe na mwanawe. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Ya maabara sijayagusa.

Mama ana miaka 61, mkulima wa uwele na karanga, ana kisukari na mwili mkubwa, amezaa mara moja tu. Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka 51. Damu ilipoanza kutoka tena, wenzake kijijini walimwambia ujana umerudi, naye akacheka nao kwa miezi kadhaa. Zahanati walimtibu yutiai mara mbili. Kisha ikaja kampeni ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Wakampaka siki, wakamwambia yuko salama. Na kweli, mlango ulikuwa salama. Siki haioni zaidi ya mlango. Chumba chenyewe, pale mimba inapokaa, hakikaguliwi kwa njia hiyo, na ninatamani kila kampeni iliseme jambo hili kwa sauti: mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu, hata matone, afanyiwe ultrasaundi na achukuliwe kinyama cha ndani ya kizazi, hata kama siki imesema yuko salama.

Hatimaye hospitali moja ilimkwangua na kupeleka chembe zile maabara. Majibu yalirudi na neno "saratani" bila kueleza ni ya aina gani. Wakamtoa kizazi, nacho kikaja kwetu ndani ya ndoo.

Sisi tulitengeneza bloku za nta, na mbili kati ya hizo zikapelekwa maabara ya jiji jingine kupakwa kingamwili. Kazi hiyo kwa ufupi iko hivi: nyama inakatwa nyembamba kiasi cha mikromita 4, inamwagiwa kingamwili inayong'ang'ania protini moja tu na si nyingine, kisha inawekwa kemikali inayogeuka kahawia pale ambapo kingamwili imeshika. Viini vya seli ambavyo havina protini hiyo hubaki na bluu ya hematoksilini. Kahawia maana yake ipo. Bluu maana yake haipo. Ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza.

Tulitafuta protini tatu: vipokezi viwili, yaani protini za seli zinazoshika homoni za estrojeni na projesteroni, na p53, protini inayolinda seli isigeuke saratani. Majibu yalisema: kipokezi cha estrojeni, hasi, kipokezi cha projesteroni, hasi, protini p53, hakuna kabisa. Hitimisho lilikuwa saratani ya daraja la juu, huenda ya aina ya serosi, na mgonjwa apelekwe kwenye tibakemikali.

Uzito wa mistari hiyo mitatu unatokana na jambo ambalo daktari wa saratani Bokhman alilieleza mwaka 1983, kwamba saratani ya utando wa ndani wa kizazi ina njia kuu mbili. Ya kwanza hulelewa na estrojeni. Huanza kwa utando kunenepa, hukua polepole, huwapata zaidi wanawake wanene na wenye kisukari, na seli zake kwa kawaida bado zina vipokezi vya homoni. Ya pili, ambayo aina ya serosi imo ndani yake, haitegemei estrojeni. Huota kwenye utando uliosinyaa, hukimbia haraka kwenda tumboni, mara nyingi haina vipokezi, na p53 yake huwa imeharibika. Tangu mwaka 2013, baada ya utafiti mkubwa wa vinasaba vya saratani hii uliofanywa Marekani, mgawanyo umekuwa wa makundi manne, na kundi lenye p53 iliyoharibika ndilo lenye matokeo mabaya kuliko yote. Kwa hiyo mstari wa p53 peke yake unatosha kubadilisha maisha ya mgonjwa.

Na hapa kuna mtego ambao kila anayesoma slaidi hizi anapaswa kuujua. P53 nzima huonekana kama kahawia hafifu iliyotawanyika, seli hii ina kidogo, ile haina. P53 iliyoharibika huonekana kwa namna kuu mbili: ama kahawia nzito kwenye karibu kila kiini, ama kutoonekana kabisa, kwa sababu jeni limevunjika kiasi cha kushindwa kutoa protini. Yaani slaidi tupu nayo ni jibu, tena jibu baya. Sasa fikiria nyama iliyooza kabla fomalini haijaifikia. Nayo itatoa slaidi tupu.

Mwanawe alikuja kuchukua bloku na slaidi azipeleke Dar es Salaam. Alikuwa ameshauza ng'ombe wawili na kukata tiketi mbili za SGR. Mama alikaa kwenye benchi la nje, khanga imefunika magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbukwa." Kisha akanong'ona, "Hawa wananipeleka mbali. Nimewauliza kama nitarudi kuvuna, hawanijibu."

Kabla ya kumkabidhi mtu slaidi zake, kanuni yetu ni kuhakikisha namba zinalingana na kwamba nyama iliyopo ndiyo iliyoandikwa. Niliweka slaidi ya kipokezi cha estrojeni chini ya hadubini kwa lenzi ndogo kabisa, ile inayoonyesha kipande chote kwa pamoja. Nikaona kitu ambacho kwenye lenzi kubwa hakionekani. Ukingo wa nje wa kizazi, kwenye misuli, ulikuwa kahawia. Ukielekea ndani, kahawia ilififia. Ukifika katikati ya ukuta ilikuwa imebaki kama vumbi. Kwenye utando wa ndani, kwenye saratani yenyewe na kwenye kila seli ya kawaida iliyo jirani nayo, ilikuwa bluu tupu.

Hakuna saratani inayozima vipokezi vya misuli ambayo haijaifikia. Misuli ya kizazi cha mwanamke, hata aliyekoma hedhi, ina kipokezi cha estrojeni. Kama misuli ya karibu na saratani haina rangi na ya mbali inayo, basi kilichozima rangi hakikutoka kwenye saratani. Nilichokuwa nakitazama ni ramani ya safari ya fomalini: ilikofika na ilikoishia.

Fomalini huingia kwenye nyama kwa kasi ya milimita moja hivi kwa saa mwanzoni, na kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyochelewa. Ukuta wa kizazi una sentimita kama mbili. Ukikitosa kizima bila kukipasua, na ukaweka fomalini kidogo badala ya mara kumi au zaidi ya ujazo wa nyama, utando wa ndani utakaa siku nzima na zaidi bila kuonja dawa, ndani ya ndoo, kwenye joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja, mwisho wa wiki ukiwa katikati. Seli zinaendelea kujimeng'enya zenyewe. Protini zinakatika. Kingamwili ikija baadaye haikuti cha kushika.

Nilijua cha kutafuta kwa sababu kabla sijaingia kwenye maabara ya hospitali nilifanya kazi na panya. Nataka nikae hapa kidogo, maana watu hudhani utafiti wa panya ni mambo ya vyuoni yasiyomhusu mama anayelima uwele.

Mengi tunayojua kuhusu vipokezi hivi yalianzia kwenye kizazi cha panya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen na mwenzake Herbert Jacobson huko Chicago walitengeneza estradioli iliyotiwa haidrojeni yenye mionzi, wakawadunga panya majike wachanga kiasi kidogo sana. Homoni ilipita kwenye viungo vyote, lakini kizazi na uke viliishika na kukaa nayo, wakati viungo vingine viliiachia. Hapo ndipo wazo la kipokezi lilipopata mwili: kuna kitu ndani ya seli hizi kinachoitambua estrojeni na kuing'ang'ania. Miaka mingi baadaye, mwaka 1996, kipokezi cha pili cha estrojeni, kile cha beta, nacho kilipatikana kwa panya, safari hii kwenye tezi dume, na timu ya Kuiper na Gustafsson huko Sweden.

Panya pia ndio waliotuonyesha saratani hii inavyozaliwa. Kuna ukoo unaoitwa BDII/Han, uliofugwa Hannover, Ujerumani, ambao zaidi ya nusu ya majike wake wasiozaa hupata saratani ya utando wa kizazi wenyewe, bila kupewa sumu yoyote, kabla ya kumaliza miaka miwili. Deerberg na Kaspareit waliueleza mwaka 1987. Mwaka 1995 Deerberg na wenzake wakaonyesha kwamba panya hao wakipewa melengestroli asetati, dawa ya jamii ya projesteroni, saratani inazuilika kabisa. Ukoo mwingine ni wa Donryu wa Japani. Panya hawa wakianza kuzeeka mzunguko wao wa siku nne au tano unasimama, wanabaki kwenye joto la kudumu, lile la jike anayetaka dume: estrojeni ipo kila siku, projesteroni haiji. Utando unanenepa, tezi zinabanana, na mwishowe zinageuka.

Mkulima wa huku ataelewa haraka. Estrojeni ni mvua, projesteroni ni palizi. Mvua ikinyesha mfululizo na hakuna anayepalilia, shamba linakuwa la magugu. Kwa mama wa kisa hiki mvua ilitoka kwenye mafuta ya mwili: seli za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni hata baada ya ovari kuacha kazi. Kwa miaka kumi hakupata projesteroni hata siku moja. Umbo lake, kisukari chake na uzao wake mmoja vyote vilielekeza kwenye saratani ya njia ya kwanza. Jibu la maabara lilisema ya pili. Huo mgongano peke yake ulitosha kumfanya mtu asimame na kuuliza.

Kwenye panya, mwalimu wangu hakuturuhusu kabisa kuandika "hasi" kirahisi. Kila asubuhi tulichukua ute wa uke wa kila panya na kuutazama, ili tujue yuko siku gani ya mzunguko, kwa kuwa vipokezi hupanda na kushuka kwa siku hizo. Kizazi chake kina pembe mbili, nyembamba. Pembe moja ilipasuliwa na kuingia kwenye fomalini ndani ya dakika chache, na saa iliandikwa. Na kwenye kila kipande, kabla ya kuhesabu seli za ugonjwa, tuliandika kwanza seli za kawaida zinaonekanaje. Kama misuli na seli za kishikizo cha utando, zile zinazozishikilia tezi, hazikushika rangi, slaidi ile haikuhesabiwa. Ilitupwa nje ya utafiti.

Lazima niongeze kwamba panya si mwanamke mdogo mwenye mkia. Hapati hedhi. Ukimpa estrojeni, kipokezi cha projesteroni kinaongezeka kwenye seli za kishikizo na misuli lakini kinapungua kwenye seli za juu za utando, jambo linalowachanganya waliozoea nyama ya binadamu. Hata kingamwili hazikubaliani: ile inayotumiwa sana kuhesabu seli zinazogawanyika kwa binadamu kupitia protini Ki-67, iitwayo MIB-1, kwa panya haishiki, inatumika MIB-5. Niliwahi kupoteza wiki nzima kwa kutolijua hilo. Ninachokiazima kutoka kwa panya ni nidhamu, si namba.

Turudi kwenye slaidi ya mama. Msomaji wa kwanza hakuwa mzembe. Alikuwa na kipande cha kulinganisha pembeni, nyama nyingine iliyohifadhiwa vizuri na kupakwa siku hiyohiyo, nacho kilitoka kahawia safi. Akaridhika kwamba kipimo kimefanya kazi. Na kilifanya kazi. Lakini kipande cha pembeni kinathibitisha dawa tu. Hakisemi lolote kuhusu nyama ya mgonjwa huyu. Anayeithibitisha nyama ni jirani wa ndani: misuli, seli za kishikizo, ukuta wa mishipa, seli nyeupe za damu zilizopita hapo. Slaidi ya p53 ya mama haikuwa na rangi hata kwenye seli hizo za kawaida, ambazo zilipaswa kuonyesha kahawia hafifu hapa na pale. P53 iliyovunjika huvunjika kwenye saratani, haivunjiki kwenye seli nyeupe za damu zinazopita njia. Slaidi ile haikuwa hasi. Ilikuwa haisomeki, na katika patholojia hayo ni majibu mawili yaliyo mbali sana.

Nilimwita dokta wetu wa patholojia. Alitazama kwa muda mrefu, akasogeza slaidi kutoka ukingo wa nje hadi ndani, akarudi tena. Akasema, "Zile chembe za kukwanguliwa ziko wapi?"

Hilo ndilo swali lililomwokoa mama. Chembe zinazotoka kwa kukwangua ni ndogo, milimita chache, na fomalini huzifikia zote ndani ya saa chache hata chupa ikichelewa safari. Kila mtu alikuwa amezisahau kwa sababu kizazi chenyewe kilikuwa kimeshatolewa, na kizazi kizima kinaonekana sampuli bora kuliko chembe. Kwa kutafuta vipokezi haikuwa hivyo. Mwanawe alirudisha tiketi, akaenda mwenyewe kuchukua bloku ile kwenye maabara ilikokuwa imelala. Ilipakwa upya.

Seli za saratani zilionyesha kipokezi cha estrojeni kwenye takriban asilimia 90 ya viini, kahawia nzito. Kipokezi cha projesteroni kilionekana kwenye asilimia 80 hivi, na hilo ni zaidi ya nyongeza, kwa sababu kipokezi hiki hutengenezwa kwa amri ya estrojeni. Kukikuta ni dalili kwamba kipokezi cha kwanza hakipo kama pambo, kinafanya kazi. P53 ilikuwa hafifu na ya kutawanyika, yaani nzima. Protini nne za kurekebisha makosa ya vinasaba, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zote zilikuwepo. Protini PTEN, breki inayozuia seli kugawanyika ovyo na ambayo mara nyingi hupotea mapema kabisa kwenye saratani ya njia ya kwanza, haikuwepo kwenye tezi za saratani. Lakini safari hii seli za kishikizo, zilizolala ubavuni mwa tezi hizo, zilikuwa kahawia zote. Hiyo ndiyo hasi ya kweli: tezi bluu, jirani yake kahawia, kwenye nyama ileile.

Ripoti mpya iliandika saratani ya aina ya endometrioidi, yaani ya njia ya kwanza, daraja la 1. Kizazi cha kwenye ndoo bado kilitufaa kwa jambo moja, kupima kina, kwa kuwa rula haihitaji kingamwili: saratani ilikuwa imeingia chini ya nusu ya unene wa ukuta, na haikuwa imefika mlangoni wala kwenye mirija. Jopo la madaktari lilikaa, likaamua kwamba upasuaji uliokwishafanyika unatosha. Hakuna tibakemikali. Atahudhuria kliniki hapahapa Dodoma kila baada ya miezi kadhaa, na kisukari kifuatiliwe kwa karibu.

Siku ya kupewa majibu aliomba kuona. Si kawaida, lakini tulimruhusu. Nilimwekea slaidi ya kipokezi cha estrojeni, nikamwonyesha namna ya kufumba jicho moja. Alikaa kimya. Akauliza kile cha kahawia ni nini. Nikamwambia ni mahali homoni inaposhika. Akauliza mbona mara ya kwanza haikuwepo. Nikamweleza habari ya ndoo, yote, pamoja na sentensi yangu ya kwenye fomu ambayo haikusafiri na bloku. Alinishika mkono, akasema kwa upole, "Basi ukiniandika, andika na ndoo."

Tumebadilisha fomu. Bloku yoyote inayotoka kwetu kwenda kupakwa kingamwili sasa inaondoka na karatasi yenye saa nyama ilipotolewa, saa ilipoingia kwenye fomalini, kama ilipasuliwa, na hali yake ilipofika. Tumeomba wanaotusomea waandike hali ya seli za kawaida kwanza, kabla ya mstari wa saratani. Nilikwenda pia kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali iliyotuma ndoo ile, nikakaa na wauguzi mchana mmoja. Walikuwa hawajawahi kuambiwa kwamba kizazi kinapaswa kupasuliwa; waliogopa kukiharibu. Tulikubaliana na dokta wao wa upasuaji kwamba ikiwa inashukiwa saratani ya ndani, kitafunguliwa pembeni kutoka mlango hadi juu, kitawekewa kitambaa katikati ili kuta zisishikane, kisha kitatumbukizwa kwenye fomalini ya kutosha.

Wiki iliyopita kilifika kizazi kingine kutoka kwao. Ndoo ilikuwa kubwa, imejaa. Kilikuwa kimefunguliwa kama kitabu, kitambaa kimo katikati, na juu ya kifuniko mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: "Kimetoka saa 4:10. Kimeingia saa 4:25."